Grafu Isiyojua Kushuka

Ukitaka kikao cha wazazi kiishe kwa vigelegele, usiwaletee orodha ya matokeo. Waletee grafu ya marudio limbikizi. Grafu hii haishuki. Kila kundi la alama huongeza wanafunzi wake juu ya wale waliokwisha kuhesabiwa, kwa hiyo mstari unapanda tu au, ukichoka sana, unalala. Hata darasa zima likifeli, utafika kileleni.

Shuleni kwa binti yangu, mwalimu wa taaluma, kijana mpole, alibandika ukutani grafu ya mtihani wa hisabati wa kidato cha pili, watahiniwa 120. Kabla hajafungua kinywa, mwenyekiti wetu, mzee aliyezoea kuongoza shughuli za misiba, akasimama: "Wazazi wenzangu, macho hayana pazia. Mnaona watoto walivyopanda?" Makofi. Akagusa kwa bakora yake kati ya alama 20 na 40, mahali mstari uliposimama kama mnazi: "Hapa walijituma sana!" Makofi tena. Kisha kule juu, kuanzia 75 hadi 100, mstari umelala: "Na hapa sasa wametulia." Mama mmoja akapiga kigelegele.

Masikini, kwenye mwinuko ule mkali ndiko watoto walikolundikana, na kwenye tambarare hakuna hata mmoja. Mwalimu alijitahidi. Alieleza kwamba nukta huwekwa kwenye mpaka wa juu wa kila kundi, si katikati, kwa kuwa hapo ndipo kundi zima linapokuwa limekwisha kuingia. Akashika 60 kwenye mhimili wa wima, nusu ya 120, akaenda kulia mpaka akaugusa mstari, akateremka: alama 34. Yaani angalau nusu ya watoto wetu wana D au F. Akashika 90, akateremkia 51. Robo tatu ya darasa haijavuka hapo.

"Mbona unateremkateremka, mwalimu?" mwenyekiti akamkatiza. "Wenzako tunapanda!"

Tusimcheke mzee peke yake. Mwaka 2013 Tim Cook, mkuu wa Apple, alionyesha jukwaani mchoro wa aina hiihii: jumla ya iPhone zilizouzwa tangu mwanzo. Vipindi ambavyo mauzo yalipungua vilimezwa humohumo, mstari ukaendelea kupaa.

Kikao chetu kilipitisha kwa kauli moja mchango wa pilau ya kuwapongeza watoto. Mwalimu wa taaluma ndiye aliyeteuliwa kuukusanya.