Matumizi Mengineyo

Kila mwaka katikati ya Juni Waziri wa Fedha husimama bungeni Dodoma kusoma bajeti kuu ya Serikali, na kila mwaka mume wangu huisikiliza mwanzo hadi mwisho. Bia ikipanda ataguna, ingawa hanywi. Ushuru wa magari ukishuka atachangamka, ingawa gari letu ni daladala ya Gongo la Mboto, na tunalimiliki pamoja na abiria wenzetu. Mwaka huu hakuishia kuguna. Kesho yake jioni alitoka chumbani na kauntabuku mpya, akatuketisha sebuleni mimi, mama yake na binti yetu Salma, akatusomea bajeti ya nyumba.

Aliipanga vizuri, haki yake nampa. Kodi ya nyumba, ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mpigo. Umeme. Maji. Ada na michango ya shule. Nauli. Chakula, kilichochambuliwa mpaka chumvi. Mchezo, yaani upatu wangu na kina mama wa mtaani. Michango ya harusi, fungu lisilo na mjanja. Unaweza kukosa unga, lakini kadi ya harusi ya mtoto wa bosi wako wa zamani itakufuata ulipo, na mweka hazina wa kamati anajua kukumbusha kuliko benki. Chini kabisa, baada ya mstari mwekundu, palikuwa na fungu moja dogo: Matumizi Mengineyo. Hilo kalitoa serikalini, ambako hubeba mafuta ya magari, posho za safari na karatasi za ofisini. Kwetu alilitengea shilingi 5,000 kwa mwezi.

“Watu wanne?” aliuliza mama mkwe.

“Tunabana matumizi, mama.”

Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta macho na upindo wa kanga. Yeye alikuwa mwali wa juzi pale vita vya Kagera vilipokwisha, mwaka 1979, na Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Anasema hajawahi kusikia mtu akitangaza kwamba miezi hiyo imekwisha. Baadaye ukaja ugali wa unga wa njano, ambao watu waliubatiza Yanga kwa rangi ya jezi. Mama mkwe ni Simba damu. Kulishwa Yanga mchana na usiku, tena kwa kupanga foleni, ni dhuluma ambayo hadi leo hakuna kiongozi aliyekuja kumwomba radhi. Sabuni ilipoadimika walifulia majani ya mpapai. Ukiona foleni kwenye duka la ushirika unaunga kwanza, kinachouzwa utakijua mbele. “Unafika mbele unakuta ni betri za redio. Unachukua. Redio huna.”

Kisha akashusha sauti. “Na pamoja na hayo yote, chai yangu ya Ijumaa haikukosa sukari.”

“Ulikuwa unaitoa wapi?” mwanawe akauliza, kalamu mkononi.

“Hayo si ya kuandika.”

Tangu siku ile nimekuwa nikiitazama nyumba yetu kwa jicho jingine. Kila mtu humu ana sukari yake ya Ijumaa, na hakuna hata moja iliyomo kwenye kauntabuku.

Ila kabla ya starehe kuna umeme, na umeme ndiko nilikosomea uhasibu. Ukiwa kundi la watumiaji wadogo, uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, mradi usivuke uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila uniti ya ziada ni 350. Uniti 75 kamili, pamoja na makato yake, ni shilingi 9,150, namba ninayoikumbuka kuliko tarehe ya harusi yangu. Ukizoea kuvuka unahamishiwa kwa wakubwa. Basi sisi tunaishi ndani ya 75. Friji inapumzika usiku. Feni inawashwa mgeni akiingia na kuzimwa akisema “haya, mimi naaga”, kabla hajasimama. Hapo bado kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, kwa hiyo kila mwezi nalipia jengo ambalo silimiliki hata kitasa. Mwenye nyumba nikimkumbusha kwamba fedha hiyo ni ya kunirudishia, simu yake huanza kukatakata.

Katika utaratibu huo akaingia shemeji yangu kutoka Tabora, amekuja Dar es Salaam kwenye usaili wa kazi. Begi lake lilikuwa moja, na ndani yake mlikuwa na suti, pasi ya umeme na hita, ile ya kutumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoga. Maji ya bomba ya huku kwetu yanatoka na uvuguvugu wake tayari, lakini mgeni haambiwi. Alipiga pasi suti. Akapiga shati. Akapiga tai. Alipoanza soksi nilikuwa nimesimama mlangoni natabasamu, kichwani nahesabu uniti.

Usiku wa kuamkia usaili mita ikaanza kulia, pi, pi, pi, na kabla hatujakubaliana nani ana kitu kwenye simu, giza. Simu yangu ilikuwa na chaji lakini haina pesa. Ya Baba Salma ilikuwa na pesa, chaji imebaki ya kupigia beep moja. Akanunua umeme haraka, ujumbe ukaingia: tarakimu 20. Yeye akawa anasoma, Salma kapanda kwenye kigoda na rimoti ya mita mkononi, anabonyeza kwa kupapasa.

“Nane. Sifuri. Nne.”

“Nne ngapi, baba?”

“Nne moja! Halafu tisa. Tisa tena.”

“Pole pole,” mama mkwe alisema kutoka chumbani kwake, “mnachezesha bahati nasibu?”

Walipofika tarakimu ya kumi na nne simu ikazima. Palipita kimya kirefu. Ndipo sauti ya shemeji ikasikika kwenye kona ya kochi, imejaa upendo na nia njema: “Kaka, si uichaji kidogo?”

Baba Salma alitoka akaenda dukani kwa Mangi, ambaye wakati wote ana taa. Mangi ni mtu mwema. Chaji hakumtoza. Ila wakati simu inajaa alilitoa daftari lake la madeni, akavuta benchi, wakakaa wakalisoma pamoja ukurasa kwa ukurasa.

Usaili ulifanyika. Suti ilinyooka, hakuna wa kulalamika.

Gesi nayo ina sheria zake. Kwenye mtungi mdogo wa kilo 6 maharage hayatii mguu. Maharage tunanunua yaliyokwisha kuchemshwa, ya kupima, kwa mama mmoja njia panda anayeyabandika kwenye kuni alfajiri. Letu ni kuunga tu. Jumapili moja, tarehe zile za mwezi ambazo watu hawapigiani simu, mtu alinirudishia deni nililokuwa nimeshalisamehe. Fedha ya namna hiyo haiingizwi kwenye bajeti, ni kosa. Nilinunua nusu kilo ya nyama, mdalasini, iliki na bizari nzima, nikabandika pilau. Vitunguu vikaiva mpaka vikaingia wekundu. Nyama ikakubali. Nimemimina mchele, maji yanaanza kukauka, moto ukageuka wa njano, ukajikunja, ukafa.

Nilitikisa mtungi, ukanipa dakika mbili za huruma. Mama mkwe akaja na ushauri wa kitaalamu: “Uweke kwenye beseni la maji ya moto.”

“Maji ya moto nitayachemshia wapi, mama?”

Pilau lenye kiini halisubiri mkutano. Nilibeba sufuria kwa kanga mbili nikavuka ua hadi kwa jirani yangu Mama Juni, ambaye jiko lake la mkaa lilikuwa limekolea barazani. Mama Juni ndiye kijumbe wa mchezo wetu. Na jana yake tu, pale pale barazani, nilikuwa nimemwambia kwa uso wa majonzi kwamba wiki hii ya kutoa sina hata mia, hali ngumu, vyuma vimekaza.

“Nipalilie tu hapo, shoga, mkaa mdogo juu ya mfuniko,” nilisema.

“Hakuna shida, mwaya.” Akachukua koleo. Kabla ya kupalia alifunua mfuniko, nadhani ni desturi tu ya mpishi. Mvuke wa iliki ukapanda ukawafikia hata waliokuwa kisimani. Alitazama nyama. Alizitazama moja moja, kwa utulivu, midomo ikitikisika kidogo. Akafunika. Akapanga makaa juu, moja hapa, moja pale, huku anapepea.

“Hali ngumu kweli, Mama Salma,” akasema.

Lilipoiva alibakisha sahani ya kuonja, na namna alivyoijaza ungedhani ana wapangaji. Mchezo niliutoa Jumatatu asubuhi, kabla hajaamka vizuri, nikaazimia wadai wengine waningoje. Lakini pilau lile, niseme ukweli, lilikuwa tamu. Mkaa una namna yake na pilau ambayo gesi haiijui.

Sukari yangu mimi ni kiti. Nafanya kazi mjini Posta, na jioni safari ya kurudi Gongo la Mboto ni zaidi ya saa nzima ya kusimama, kiwiko cha mtu kwenye mbavu na samaki wa mtu miguuni. Wajuao mji hawasubiri gari kituo cha mwisho. Wanalidaka likiwa bado linaingia mjini, wanalipa nauli, wanakaa, wanafika nalo mwisho na kugeuza nalo, wakati umati pale kituoni unapigania mlango na vijana wanapitia madirishani. Konda hupita akigonga sarafu: “Nani anageuza?” Najibu kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye hadhi. Nauli mara mbili. Kisha nafungua karanga zangu za kukaanga, naegemea dirisha, natazama vurugu. Roho yangu si mbaya, ila pale inapata raha ambayo sijaiona kwingine kwa bei ile.

Kauntabuku iliona. “Mama Salma,” mwenzangu aliniuliza usiku mmoja, kidole kwenye mstari wa nauli, “Posta wameisogeza? Mbona kurudi ni ghali kuliko kwenda?”

“Foleni,” nikamjibu.

Akanitazama. Na mimi nikamtazama. Alikuwa ametoka kijiweni, ambako anadai huenda kusoma vichwa vya habari kwenye magazeti yaliyotundikwa, jambo ambalo kweli ni bure. Lakini kwenye kijiwe hicho hukaa pia muuza kahawa na dele lake juu ya makaa, na vikombe vile vidogo ambavyo mtu hanywi kimoja. Simba na Yanga hazizungumziki kwa kikombe kimoja. Ndevuni mwa mume wangu palikuwa na chembe za kashata ya karanga, kidhibiti ambacho mahakama yoyote ingekipokea. Hakuendelea na hoja ya nauli, nami sikufungua ya kahawa.

Ilibaki kwamba kila mwisho wa mwezi hesabu zilifunga, zikipungua hapa zinafidiwa pale, na mwenye daftari akaanza kujisifu mbele ya rafiki zake. Hakuna aliyeuliza hizo za kufidia zinatoka wapi mpaka alipotufungulia macho Salma.

Salma ana kibubu cha mbao, alichongewa na seremala wa mtaani, na humo huingia hela za Idi, za mashangazi na za wageni wanaoaga. Kina tundu jembamba juu, na mtu mvumilivu akiwa na pini ya nywele anaweza kutoa noti bila kukivunja. Nalijua hilo kwa vitendo. Nilichokuwa sijui ni kwamba kuna mwingine humu ndani anayetumia kisu cha mkate. Jioni moja baba yake alipokuwa anasoma hesabu za robo mwaka, Salma alinyanyua mkono, akaleta daftari lake la mazoezi. Lilikuwa limepigwa mistari vizuri, na mstari mwekundu chini. Baba, 2,000. Mama, 1,500. Baba, 1,000. Baba tena. Mama, za gesi. Kila mstari na siku yake.

“Mnatikisa usiku,” alisema. “Nasikia.”

Nimewahi kuwasikia watu wakisoma ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali redioni, na nikajiuliza wahusika hujisikiaje. Baba Salma alivua miwani akaifuta, akavaa, akaisoma orodha upya kana kwamba majina yangebadilika. Ilibidi tuingie kwenye mazungumzo na mkopeshaji. Salma akataka alipwe zote kabla ya Idi, na nyongeza juu yake. Mama mkwe alimkatiza hapo hapo: riba ni haramu. “Sema zawadi,” akamfundisha. Basi zawadi ikakubaliwa, barafu mbili za ubuyu kila tunapochelewa, kwa kila mdaiwa peke yake, si kwa pamoja kama baba yake alivyojaribu kupendekeza.

Mama mkwe naye akasogea karibu na kibubu, akanong’ona kwamba ana haja ya mia tano, kuna jambo lake dogo kwa Mangi. Salma aliandika jina lake kwenye mstari mpya na kumhesabia. Kwa Bibi, alisema, zawadi ni barafu moja tu, kwa sababu yeye hukopa mchana.