Koma Moja Tu, Jamani

Walimu wetu wa Kiswahili walitukataza kuweka koma kabla ya "na". Ukiandika "embe, papai, na nanasi", kalamu nyekundu inakupitia. Eti "na" imeshamaliza kazi, koma ya nini? Tumekua, tumeota mvi, na bado tunaibania koma kana kwamba inauzwa kwa gramu.

Nenda kwa mama ntilie wa kituoni kwetu usome ubao wake: "Wali, ugali, ndizi, chapati na maharage." Niliagiza chapati, ikaja na maharage. Nikasema sikuyaagiza. Akanionyesha ubao kwa mwiko: "Kaka, si umesoma? Chapati na maharage." Nikalipa. Siku nyingine jamaa wa meza ya pili akaagiza chapati, ikaja kavu. Alipoulizia maharage, akaambiwa hayo yana bei yake, yameandikwa pale mwisho.

Ndipo nikaelewa kwa nini koma haitakiwi. Isipokuwepo, orodha humtii mwenye ubao.

Marekani jambo hili liliwahi kufika mahakamani. Sheria ya jimbo la Maine ilitaja kazi ambazo mtu akipitiliza saa hadai ovataimu: kusindika vyakula, kuvigandisha, kuvikausha, kuvihifadhi, "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza". Kabla ya "au" hapakuwa na koma. Kampuni ya maziwa ya Oakhurst ikasoma kazi mbili: kufungasha, halafu kusambaza. Madereva wake wakasoma moja: kufungasha. Na wao hawafungashi kitu, wanaendesha. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikasema hapo pana utata, na utata huo umfae mfanyakazi. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Kumbe mwongozo wa waandishi wa sheria wa jimbo hilo ndio uliowakataza kuiweka koma hiyo. Walimu wetu wana ndugu Maine! Baadaye sheria iliandikwa upya, safari hii wakamwaga nukta mkato kila kipengele.

Sasa mtoto wa kaka yangu anaoa. Kamati ya harusi imetoa tangazo: "Watakaochanga laki mbili: wajomba, mashangazi, baba wadogo na wake zao." Koma hakuna. Kwa hiyo baba mdogo na mkewe ni fungu moja, laki mbili, na mke wangu, Mama Neema, ameshatoa. Kwa usomaji wangu, nyumba yetu imemaliza.

Mweka hazina hakubali. Anataka laki nne. Nikamwambia kama alikusudia hivyo angeweka koma. Nikamtumia kisa chote cha madereva wa maziwa, na hukumu yake, na dola zake.

Akajibu: "Hongera zao, Baba Neema. Mama Neema kalipa kama mke. Wewe lipa kama baba mdogo, mwisho Ijumaa."