Namna ya Kwenda Kuomba Mlimani Bila Kumchosha Mwenye Mlima

Mlima una mwenyewe. Anza hapo, hatua nyingine za mwongozo huu ukizisahau njiani, hii ishike. Kutoka Kendu Bay hadi kisiwa cha Mfangano, kutoka Ndhiwa hadi mpaka wa Tanzania, kilima chenye sifa kina majirani wanaojua nani aliwahi kuomba pale, aliomba nini, na alirudi na nini. Basi wewe unayeshuka stendi ya Homa Bay na mkeka wa mazoezi kwapani, ubani wa dukani mkobani na droni ya kupigia picha, ukitafuta mahali patulivu pa kuungana na asili, utakaribishwa, utapewa kiti, kisha utaulizwa wewe ni wa kwa nani. Usijibu kwamba wewe ni mtoto wa ulimwengu. Taja baba yako, taja kwenu, taja aliyekuelekeza. Mtoto wa ulimwengu hakuna anayejua pa kumpeleka akiugua.

Tuanze na ibada ya peke yako, maana ndiyo wengi mnayoitaka. Haihitaji nauli. Wazee wa Kijaluo waliifanyia uani kwao: alfajiri mzee hutoka, hugeukia linakochomoza jua, hulitemea mate kidogo na kuliomba lichomoze vyema, lilete heri bomani. Jioni hugeukia linakozama, akaliomba liondoke na ugonjwa na mabaya ya siku. Mwezi mwandamo nao hupokewa vivyo hivyo. Yote huisha kabla maji ya chai hayajachemka.

Naam, mate. Naona umerudi nyuma. Katika nchi hii mate ya mzee ni baraka, na mjukuu anayesafiri kwenda kufanya mtihani huyapokea kwa kichwa kilichoinama. Umeshakunywa maji ya kila jani linalouzwa mtandaoni. Mate yako mwenyewe yasikutishe. Ila weka simu chini kwanza. Ukiishika mbele ya uso ili ulimwengu ukuone unavyoamka, utaitemea simu, na jua litapita bila salamu. Wapo wageni walioyaona haya wakaandika kwamba Wajaluo wanaabudu jua. Wangesogea karibu wangesikia mzee akimtaja Nyasaye, yaani Mungu, kisha boma lake, watoto, ng'ombe, na mwana aliye mbali. Hata akiwa peke yake, ombi lake lina watu wengi ndani. Fanya hivyo. Ukisimama uani nusu saa huku ukijiombea wewe tu ngozi nzuri na utulivu wa moyo, umeota jua, na hilo halina ubaya, lakini ibada bado hujaianza.

Ibada ya kundi inataka subira zaidi. Iliyo kubwa kuliko zote haifanyiki mlimani hata kidogo, hufanyika shambani, na huitwa golo kodhi. Mvua za masika zinapokaribia, mbegu hazitupwi udongoni na yeyote aliyeamka mapema. Mwenye boma na mkewe wa kwanza, mikayi, ndio wanaotangulia. Kisha nyachira, mke wa pili. Kisha reru, wa tatu. Kisha wana kwa kufuata kuzaliwa kwao. Anayeruka foleni anaalika chira, ule ugonjwa wa kudhoofika unaomwandama aliyevunja mwiko, na chira haichagui, huweza kumpata mtoto asiyejua lolote. Sasa mwanetu wa mjini, mwenye ekari zake mbili Rongo na trekta alilolikodi kwa saa, hupiga simu Jumamosi asubuhi kutaka mahindi yawe ardhini ifikapo jioni, na hujibiwa kwamba kaka yake mkubwa bado yuko Nakuru. Hukasirika. Hutaja kalenda, bei ya mbolea, na jina la kozi aliyosoma.

Ndugu yangu, usikasirike. Fanya hivi. Mpigie mama mwezi mzima kabla ya mvua, na si kwa habari ya mahindi pekee. Mpigie kaka. Wapo wanaomaliza jambo hili kwa mkuu wa boma kupanda mashimo machache pembeni mwa shamba, basi njia ikawa wazi kwa wote, trekta likaingia. Kinachotakiwa ni mtangulie kuzungumza, na utaratibu huu una nguvu ya kuwalazimisha ndugu ambao hawajasemezana tangu mazishi ya mwisho kupigiana simu kabla ya radi ya kwanza. Naupenda kwa sababu hiyo.

Lakini nisifiche kitu. Maafisa wa kilimo wanaposema kuchelewa kupanda kunapunguza mavuno, wanasema kweli, na mvua ya sasa haimngojei mtu wa Nakuru. Na pale ambapo mjane anakaa na mbegu kwenye debe, mvua ikinyesha, akisubiri ruhusa ya shemeji anayelala hadi saa nne, hapo mila imegeuzwa fimbo. Mzee anayejua mila atampelekea jembe mwenyewe. Kama humo bomani hakuna mzee wa namna hiyo, mtafuteni mmoja kabla hamjaanza kutafuta mahali patakatifu pa mbali.

Kuanzisha boma nako kuna ibada yake, goyo dala, na vifaa vyake vinatosha mikononi mwa watu watatu: jogoo, shoka na moto. Mwanamume hutoka alfajiri kwa baba yake pamoja na mkewe na mwanawe wa kwanza, wakaenda kusimama penye uwanja mtupu. Usiongeze mishumaa yenye harufu. Jogoo ataamsha watu bila msaada.

Sasa twende Simbi, maana najua utakwenda hata nikikukataza. Simbi Nyaima ni ziwa dogo la duara karibu na Kendu Bay, kasoko ya volkano iliyojaa maji ya magadi, ya kijani kwa mwani ambao heroe huja kuula. Kulizunguka kwa miguu hakumalizi saa. Wenyeji wanasimulia kwamba palikuwa na kijiji, na usiku mmoja kijiji kilikuwa kwenye sherehe, pombe na nyama tele. Akaja bibi kizee, amechoka, akaomba chakula na mahali pa kujikinga na baridi, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea, na huyo akaambiwa aondoke haraka. Mvua ikaja, ardhi ikafunguka, kijiji na ngoma zake kikazama.

Ukishaisikia hadithi hiyo, utaona jinsi ilivyo ajabu kwa mtu kuja Simbi na kikapu cha vyakula, akae ukingoni, ale peke yake akiwa amefumba macho. Ibada inayofaa Simbi ni kumlisha mtu. Kabla ya kufika ukingoni, nunua samaki na ugali kwa akina mama wa Kendu Bay, ununue zaidi ya unavyoweza kula, na ukikuta mzee njiani mwamkie, umuulize kama amekula. Akisema amekula, muulize tena, maana wazee wetu hukataa mara ya kwanza kwa adabu. Usioge ziwani, maji yale hayana huruma na macho. Usiwafukuze heroe ili waruke upate picha. Wanakula, nawe umekwisha kusikia yaliyowapata waliopuuza njaa ya mgeni.

Mfangano ni safari ya boti kutoka Mbita, na huko ndiko wengi hupotoka zaidi. Kisiwani kuna michoro ya kale ya miambani, Kwitone na Mawanga, duara ndani ya duara na miale ya jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Simulizi za Abasuba, wenyeji wa kisiwa hicho, zinasema waliochora ni Watwa, wawindaji waliokuwako kabla yao, na miamba hiyo imehusishwa na kuomba mvua kwa muda mrefu. Anzia kwenye Jumba la Makumbusho ya Amani la jamii ya Abasuba, pale pale kisiwani. Utapewa wa kukuongoza. Usiguse mchoro, jasho la kidole linaula. Usiumwagie maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Usiandike jina lako wala la mpenzi wako, hata kama mapenzi yenu ni ya kudumu. Miamba ile imedumu zaidi.

Na zaidi ya yote, usijaribu kuita mvua. Najua mkono unawasha. Umesoma kitabu, una ngoma ndogo, mbingu ziko karibu. Lakini kabla hujafungua kinywa, shuka ufukweni utazame. Omena, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa juu ya nyavu, mita kwa mita, wakimeta, na akina mama wanawageuza chini ya jua ambalo ndilo mtaji wao. Mvua ya saa moja huwaharibia kazi ya usiku mzima ya wavuvi na karo ya watoto wao. Juu kidogo kilimani kuna mwenye mtama unaonyauka, naye anaihitaji mvua ile ile. Sasa niambie, utamwombea nani? Ndiyo maana kuomba mvua hakukuachiwa mpita njia. Ilikuwa kazi ya watu walioishi hapo, wanaofahamika kwa jina, wanaoweza kufuatwa nyumbani kesho yake na kuulizwa. Wewe kesho una boti.

Kundi lako likitaka kukusanyika ufukweni, basi mwone mwenyekiti wa BMU, kamati inayosimamia ufuo, halafu naibu wa chifu. Usione ni urasimu tu. Serikali ziliogopa maombi ya ziwani zamani. Mwaka 1913, Onyango Dunde wa Alego alisema nyoka mkubwa wa Ziwa Victoria, Mumbo, amemmeza na kumtapika akiwa na ujumbe: Wazungu wataondoka na mambo yao yatakataliwa. Imani hiyo ikaenea kusini hadi Gusii, na wakoloni wakaichukulia kuwa uasi, wakawakamata na kuwahamisha viongozi wake. Waliolipa gharama ya kumsikiliza Mumbo hawakuwa watalii. Ukisimama ufukweni kusema ziwa linakuambia kitu, jua umesimama mahali ambapo watu walipoteza makao kwa kusema hivyo.

Migori kuna Got Kwer, na hapa badili mavazi na mwendo. Huu ni mlima mtakatifu wa Legio Maria, kanisa lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko, likasajiliwa 1966. Ondetto alifariki 1991 na amezikwa huko. Mahujaji hupanda wakiwa na kanzu za rangi mbalimbali na rozari, wakiimba, na mahali patakatifu huvua viatu. Pombe na tumbaku haziruhusiwi. Waumini hawa ni Wakristo, na ukiwaita waabudu milima watakukatalia, nao wana haki. Usiazime kanzu kwa ajili ya picha. Ukitaka kupanda nao, panda hadi mwisho, usali wanaposali, na usiniulize kama kuna njia ya mkato.

Thimlich Ohinga nitaisema kwa ufupi. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, kiasi cha kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, za karne ya 16 hivi, na mwaka 2018 ziliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Milango yake ni mifupi ili adui aingie ameinama. Nawe inama. Usipande juu ya kuta ili kupata mwonekano mzuri wa machweo: hakuna saruji, jiwe moja likitoka mengine hufuata.

Malipo: mwongozaji alipwe fedha taslimu, siku hiyo hiyo, bila kuambiwa utamtangaza mtandaoni. Chupa za maji rudi nazo. Na ulichoombewa kikitimia, rudi useme, au tuma mtu, kwa sababu waliokuombea wanangoja kusikia.

Jambo la mwisho ni chatu, maana huenda ukakutana naye. Huko Nyakach, chatu mkubwa aliyeitwa Omieri aliheshimiwa na wengi kama mleta mvua na mavuno. Mwaka 1987 moto wa nyasi ulimuunguza. Alitibiwa, nchi nzima ikafuatilia hali yake kwenye magazeti, lakini akafa. Kwa hiyo ukimwona amejikunja kwenye kichaka, rudi nyuma taratibu, mwite mwenye shamba na watu wa wanyamapori, uwazuie vijana wenye mawe, na wala usitoe ubani wako. Wakati wa kiangazi, usiwashe kitu chochote penye nyasi.