Kwani Tanga Hatuna Mtu?

Watu wa rika la baba yangu hawaendi mahali, wanakwenda kwa mtu. Mwambie mmoja wao kwamba unampeleka Tanga akaone bahari, hatauliza habari za ufuo wala za mapango ya Amboni. Atauliza mtafikia kwa nani. Mimi nilijiona nimejipanga: vyumba viwili katika nyumba ya wageni, vina feni na chandarua, chai ya asubuhi imo ndani ya bei, na nusu ya hela nimeshatuma. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama.

"Umemsikia mwanao? Anatupeleka kulala gesti. Kwani Tanga hatuna mtu?"

Walikuwa wameshuka kutoka Kilema kuja kunitembelea Tegeta, na wazo la kuwazungusha pwani kidogo lilikuwa langu. Kwenye karatasi safari ilikuwa nyepesi: tupitie Bagamoyo, tulale Tanga, kesho yake Pangani, kisha turudi. Lakini kaka yangu wa Mwanza akafungua kundi la WhatsApp, akaliita Safari ya Wazazi, akajipa uenyekiti. Hadi usiku unaingia, kundi lilikuwa limejaa binamu wa Dodoma ambao sijui walialikwa na nani, na kila mmoja alikuja na hoja yake. Mmoja alisema mama asikalishwe upande wa jua. Mwingine alituma sala ya wasafiri, kisha akaituma tena. Shangazi akasisitiza baba asisahau koti, na hapo ilikuwa Februari, mwezi ambao Tanga hata mbuzi wanatafuta kivuli. Nilipouliza kuhusu mchango wa mafuta ya gari, kundi zima likakosa mtandao.

Baba ni mstaafu wa reli, hivyo suala la njia alilichukua mwenyewe. Aliazima atlasi ya shule ya mwanangu, akachukua biki, akachora mstari kutoka Bagamoyo kwenda Saadani hadi Pangani, kandokando ya bahari. "Nyoofu," akasema. Nikamweleza kwamba katikati ya mstari wake kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako wanyama huteremka hadi ufuoni, na kuingia ni kwa kiingilio. Mama alikuwa anachambua mchele, lakini hilo alilisikia.

"Tulipe hela tukamwone ngiri? Kwetu Wazungu wanalipa kuuona mlima ambao sisi tunauanikia nguo mbele yake kila siku."

Basi tukakubaliana tufuate lami: Bagamoyo, Msata, Segera, Muheza, Tanga. Nasema tukakubaliana kwa maana kwamba baba aliifunga atlasi.

Uzito wa safari haukuwa kwenye njia, ulikuwa kwenye mizigo. Gari langu ni IST, na buti ya IST inatosha ununuzi wa mwisho wa mwezi ukipanga kwa adabu. Mama alikuwa amekuja na mkungu wa mshare, na haukuwa wangu. Ulikuwa wa "mtu wa Tanga". Baba naye alikuwa na dumu la lita kumi la mbege, pia la mtu wa Tanga. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wakati mimi nikituma hela ya gesti, wenzangu walishapanga safari yao tangu wako mlimani. Huyo mtu ni Mrombo aliyefanya kazi na baba stesheni ya Tanga enzi za ujana wao, akaoa hukohuko, akabaki. Namba yake ya simu ilikuwa kwenye daftari la baba, imeandikwa kwa kalamu ya risasi, na ilikuwa pungufu ya tarakimu.

Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa tisa usiku nilitoka kwenda kunywa maji, nikamkuta baba sebuleni gizani amekaa wima, kofia kichwani, koti mwilini, viatu vimeshafungwa kamba. "Nawasubiri ninyi," akasema. Tuliondoka saa mbili na nusu, kwa sababu mama aliona haiwezekani watu wazima wasafiri bila maandazi, na unga ulikuwa haujaumuka.

Bagamoyo niliipangia saa moja. Sikujua kwamba kwa mama hiyo ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na ni shirika hilohilo lililopanda hadi Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mama amebatizwa Kilema, amefunga ndoa Kilema, na amepanga kuzikwa Kilema. Kwake kukanyaga pale ilikuwa kama kufika kwenye ukoo wa upande wa bibi. Alisali kanisani, akasali makaburini kwa mapadri, akamsimamisha mtunza bustani na kumuuliza anatokea wapi na kama wazazi wake wazima.

Tulipofika kwenye kanisa dogo la mnara, nikamsimulia kwamba hapo ndipo ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874, baada ya akina Susi na Chuma kuubeba kutoka bara kwa karibu miezi tisa. Mama akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Miezi tisa, kwa miguu. Na wewe tangu asubuhi unalalamikia mkungu mmoja wa ndizi."

Kutoka Bagamoyo ukielekea Msata unapita Kiwangwa, na Kiwangwa ni nanasi. Yamepangwa kando ya barabara kwa mafungu, na wauzaji wanakimbilia dirishani kabla hujapunguza mwendo. Mama alishuka kuuliza bei tu. Aliporudi, ilibidi baba apakate matatu.

Tulivuka Mto Wami salama. Baba alivua kofia, akalitafuta kwa macho lile daraja la zamani, jembamba, la gari moja moja, na akasikitika kidogo kwamba siku hizi watu wanapita juu ya daraja jipya bila hata kuogopa. Jua lilikuwa limepanda. Kiyoyozi cha gari kilikuwa kimefungwa kwa amri ya mama, kwa ajili ya kifua cha baba.

Sasa, anayeijua mbege anajua kwamba haijafa. Ndizi zimechemshwa, kimea cha ulezi kimetiwa, na kazi inaendelea ndani kwa ndani hata baada ya wewe kufunga. Kwenye basi la Moshi baba alikuwa akilegeza kifuniko kila baada ya kitambo, dumu lipumue. Kuhusu nani alikikaza tena Tegeta, katika ukoo wetu yapo matoleo matatu, na kila mwenye lake ana mashahidi. Mbele kidogo ya Wami, dumu lilitoa mlio uliomfanya mama amtaje Bikira Maria na watakatifu wengine kadhaa. Kifuniko kiligonga dari. Povu lilipanda, likakaa sekunde moja hewani kama linatafakari, kisha likashuka juu ya mshare, juu ya nanasi, juu ya maandazi, na juu ya kilemba kipya cha mama. Punje za ulezi zilinata kwenye kioo cha nyuma. Hadi leo nikifagia gari naokota punje kwenye mishono ya viti.

Tangu Tegeta baba alikuwa akinisomea vibao vya barabarani kwa sauti: "Hamsini hiyo. Hamsini. Punguza, hamsini." Kibao kilichofuata hakusoma, alikuwa anajifuta. Na hapohapo ndipo alipojitokeza trafiki kutoka kwenye kivuli cha mwembe, na mwenzake ana tochi.

Niliteremsha kioo. Afande alikuwa ameshafungua mdomo anisalimie, harufu ikamfikia kabla hajamaliza. Akaniangalia, akamwangalia mzee mwenye koti na nanasi, akamwangalia mama anayechuruzika.

"Dada, umekunywa?"

"Mwanangu," mama akadakia kutoka nyuma, "hakuna aliyekunywa. Imetumwagikia tu. Ni zawadi ya mtu."

Kipimo kililetwa. Nikapuliza. Kikasoma sifuri. Afande akanipulizisha tena, kikasoma sifuri vilevile. Akaingiza kichwa dirishani, akavuta pumzi, akakitoa. "Dereva mzima," akamwambia mwenzake. "Gari ndilo limelewa." Kisha akaniandikia elfu thelathini ya mwendo kasi, akanitakia safari njema. Mama alimpa nanasi. Alilikataa kwa sababu ya kazi, na nadhani pia kwa sababu lilikuwa linanata.

Tulipofika Segera, baba aliniomba nisimame. Alishuka, akasimama chini ya kibao kikubwa: huku Korogwe na Moshi, huku Muheza na Tanga. Alikisoma muda mrefu kuliko urefu wa maandishi.

"Basi letu la juzi lilipita hapa."

"Ndiyo, baba."

"Likatupeleka mpaka Dar."

"Ndiyo."

"Na wewe umetutoa Dar, umetulipia mafuta na faini, umeturudisha hapa."

Nikajaribu kueleza habari ya Bagamoyo, ya mandhari, ya kuwa pamoja. Baba hakubishana. Alitoa daftari, akafanya hesabu ndogo, akalirudisha mfukoni bila kunionyesha jibu. Alichofanya ni kupiga picha chini ya kibao na kuituma kwenye kundi, ikiwa na neno moja: "Tumerudi." Binamu wa Dodoma, waliokuwa hawana mtandao wakati wa mchango, walijibu wote ndani ya dakika moja.

Muheza ni machungwa. Mama alishuka kuuliza bei tu. Baba, ili kupitisha muda, akanihadithia kwamba Wajerumani walianza kuijenga reli hii Tanga mwaka 1893, na ikawachukua karibu miaka 20 kuifikisha Moshi. Nikamtazama mama akichagua machungwa moja moja, akiyabonyeza, akiyanusa, akimuuliza muuzaji jina la mama yake, nikaona kwamba huenda Wajerumani nao walisafiri na mtu.

Tanga tuliingia jioni, na hapo baba akatwaa uongozi. "Kata kushoto penye sinema." Sinema haikuwepo. "Basi nenda mpaka kwa Mhindi wa mikate." Naye hakuwepo. Kwa bahati, barabara za Ngamiani zinaitwa kwa namba, Barabara ya Kwanza mpaka ya Ishirini na Moja, kwa hiyo kupotea kunataka juhudi. Baba alikuwa na hakika kabisa kwamba mwenzake anakaa Barabara ya Tisa. Au ya Kumi na Tisa. Tuliuliza kwa wauza kahawa, kwa fundi baiskeli, kwa watoto waliokuwa wanacheza mpira, mpaka mlango ukafunguliwa na mama wa makamo aliyejitanda kanga, akamtazama baba, akapiga makofi.

"Shemeji! Ungepiga simu kwanza! Mwenzio yuko Korogwe msibani tangu jana."

Korogwe, yaani hatua chache tu kutoka kile kibao ambacho baba alisimama chini yake akinifanyia hesabu. Sikusema neno.

Nilitaja gesti. Yule mama alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyelelewa vibaya kwa sababu zisizo kosa lake, akaingia jikoni. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukalala kwake, mama akitandikiwa shuka za wageni. Hela ya vyumba haikurudi. Mshare ulipokelewa kwa furaha, ukafutwa povu. Dumu lilinuswa mlangoni na kuamriwa kubaki uani.

Asubuhi tukashika njia ya Pangani. Nilipendekeza tusimame Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo. Mama akauliza waliozikwa pale ni nani. Nikasema ni watu wa zamani sana, wenyeji wa mji uliokwisha. "Basi pale hatuna mtu," akasema, na gari likapita.

Tulifika Pangani saa tano. Nikaliegesha gari chini ya minazi, nikawafungulia milango kwa mkono mmoja kama mtu anayefungua pazia. Mbele yetu kulikuwa na mchanga, kisha matope, kisha majani ya baharini, kisha ngalawa imelala ubavu, na huko mbali sana mstari mwembamba unaometameta.

"Bahari yenyewe iko wapi?" baba akauliza.

Kijana mmoja alikuwa akikwangua ile ngalawa. Akatujibu bila kuinua kichwa: "Leo bamvua, mzee. Yamekupwa, yamekwenda mbali. Njooni saa tisa, saa kumi."

Baba akanigeukia. Nilijua kinachokuja. "Ungepiga simu kwanza."

Tulisubiri. Mama alilala chini ya mnazi, nikamhamisha asije akaangukiwa na nazi. Baba akatembea hadi kivukoni kutazama pantoni ikivusha watu kwenda Bweni, na aliporudi alikuwa ameandamana na mzee mmoja ambaye marehemu kaka yake aliwahi kufanya kazi reli, Korogwe. Tukapelekwa nyumbani kwao. Tukala tena. Maji yalipojaa, mama alikunja kanga, akaingia hadi magotini, akaonja kidole, akathibitisha kwamba ni chumvi kweli, akatoka. Baba alipigwa picha akiwa na koti.

Njiani kurudi, tulipokaribia Segera, baba akatangaza uamuzi: wao wanashukia hapo. Mabasi ya Moshi yanapita, na yeye si mtu wa kwenda Dar mara mbili kwa safari moja. Nikamkumbusha kwamba mabegi yao yako Tegeta. Akasema mabegi hayana haraka. Alisimama kando ya barabara, akavua lile koti, akalipunga, na basi la kwanza likasimama. Nikarudi peke yangu na machungwa na lile dumu.

Mama alipiga simu wakiwa Mombo. Nitume mabegi kwa basi, na nisisahau dumu, maana dumu ni la jirani na ameshaanza kuliulizia. Kesho yake nikaenda stendi. Kijana wa vifurushi aliyapima mabegi, akalivuta dumu karibu, akasita. Akafungua kifuniko. Akakifunga upesi.

"Dada, umesema hili ni tupu?"

"Tupu."

Akanitazama, akalitazama dumu, akachukua kalamu na kuniandikia risiti: mabegi 2, dumu 1, tupu kiasi.