Mwongozo wa Kuutafutia Mshubiri Ndugu

Hongera. Umepewa mada ya tasnifu, na ni nyepesi: kuna spishi zaidi ya 500 za mishubiri, nyingi za Afrika, nawe utatumia alama za vinasaba kueleza ipi ni ndugu wa ipi. Usijisumbue kuhesabu kromosomu. Karibu zote zina 14, jozi nne kubwa na tatu ndogo, kama wanafunzi waliovalishwa sare. Wakubwa zako waliligundua hilo zamani, ndiyo maana umetumwa wewe.

Anza na mmea wenyewe. Chagua Aloe secundiflora, ule ambao wafugaji wa nyanda kavu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania hutia majani yake kwenye maji ya kuku kideri kinapobisha hodi. Jina hilo la Kilatini linataja maua yaliyoelemea upande mmoja wa kitawi, kwa hiyo nenda msimu wa maua. Hutaweza. Fedha za utafiti hutoka mwezi ambao hakuna ua hata la dawa, na gari la idara lina nafasi wiki hiyo tu. Tulia. Waliokutangulia nao walikwenda bila maua, na wote wameandika kwamba mmea "ulitambuliwa". Nani aliutambua, haiandikwi.

Ukifika kijijini, amkia kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Muulize jina la mshubiri ulio kando ya boma. Atakuonyesha miwili: huu wa kuku, ule wa vidonda. Wewe utaona mmoja. Andika mmoja. Usimuulize anaitofautishaje, maana dodoso lako halina nafasi ya jibu hilo, na gari linapiga honi.

Sasa kibali. Chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea pori, mishubiri karibu yote imeorodheshwa katika Kiambatisho cha Pili, na michache katika cha Kwanza, isipokuwa Aloe vera, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye sabuni na mafuta ya nywele. Ukitaka kupeleka jani maabara ya ng'ambo, fomu itakuuliza ni la spishi gani. Ndiyo, ni swali lilelile unalofanyia utafiti. Jaza kwa mwandiko wa mtu anayejiamini. Wino ukikauka, jibu limeshakuwa la serikali.

Hifadhi pia kielelezo kwa ajili ya hebaria: bana chipukizi zima kati ya magazeti, kaza kamba, andika tarehe. Lakini mshubiri haufi kwa kubanwa. Una maji yake ndani, na wiki kadhaa baadaye unaweza kuukuta ungali hai, unasukuma jani jipya katikati ya kurasa za michezo. Wenye uzoefu huuchoma kwa maji moto kwanza. Wewe utakumbuka ukiwa umesharudi mjini.

Maabara. Chukua ganda la kijani tu, uache ute. Utachukua na ute. Saga, tia kwenye kimiminika cha CTAB, weka kwenye nyuzi 65, ongeza kloroformu, zungusha. Vinasaba vikitoka safi kama maji ya dafu, umeshika kichupa cha mwenzako. Chako ni kile kinachovutika kama mlenda uliolala. Ute huo na kemikali zilizoufanya mmea uitwe dawa ndivyo vinavyokizuia kimeng'enya cha PCR, kile cha kunakili vinasaba, kufanya kazi. Punguza makali kwa maji, rudia, punguza tena. Mara ya tano itakubali, na hutajua kwa nini. Andika kwamba ulifuata utaratibu wa kawaida.

Chagua alama zako kwa makini, yaani fungua friza uone kilichobaki. Mbinu ya RAPD, ya mwaka 1990, ni rahisi: vianzishi vya herufi kumi tu, wala huhitaji kujua chochote kuhusu mmea. Ubaya wake ni kwamba sampuli ileile ikihamia mashine ya jirani huweza kutoa mistari mingine. Au tumia jeni za rbcL na matK, zilizopendekezwa mwaka 2009 kama msimbopau wa mimea. Hizo hazigeuki hovyo. Hasa rbcL: haigeuki kabisa pale unapotaka igeuke, na spishi za jirani zitatoka pacha.

Hapa ndipo penye kazi. Ukiwa umechagua RAPD, jeli iko juu ya taa ya urujuanimno, nawe unasoma: mstari upo, andika 1; haupo, andika 0. Njia ya saba ina mstari uliofifia, kama mtu anayechungulia kwa pazia. Ni 1 au 0? Ukitaka uadilifu, amua kabla hujajua sampuli ni ya nani. Jioni ya Ijumaa, msimamizi akingoja mchoro, utaandika 0, utatazama mti wa undugu ambao programu inauchora, kisha utaandika 1. Mti wa pili utapendeza zaidi, nao ndio utakaochapishwa.

Programu itatoa mti tu, hata ukiilisha namba za viatu vya wajumbe wa kijiji. Ndiyo maana mwaka 1985 Felsenstein alileta kipimo cha kuurudia mti mara nyingi kuona matawi yapi yanashikilia. Tawi likipata 70 kwenda juu, liandikie namba. Likipata 41, lifanye jembamba. Na usisahau kwamba mishubiri huchanganya damu bila posa wala mahari. Ndege chozi hunywa huku akapaka chavua kule, na mti wa matawi mawilimawili hauna pa kumweka mtoto wa koo mbili. Mweke kwa baba. Mtahini naye alifanya hivyohivyo.

Utafaulu utetezi. Lile chipukizi lililogoma kufa, mama wa usafi atakuwa ameliokota na kulipanda nje, karibu na bomba. Litachanua. Ukipita hapo na joho lako, usitazame maua yameelekea wapi.