Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Nywila

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Kawangware, ambako nywila imeisha muda tena.

Mlitaka herufi kubwa, tukaweka. Mlitaka tarakimu, tukaweka. Mlitaka alama ya mshangao, tukaiweka huku tukishangaa wenyewe. Miezi mitatu baadaye mnataka nyingine isiyofanana na zilizotangulia. Tukiisahau, mnatuma msimbo kwa laini iliyopotelea Muthurwa zamani, na kuibadilisha laini hiyo sharti kwanza tuingie kwa nywila.

Bill Burr, Mmarekani aliyeandika kanuni hizi mwaka 2003, alikiri mwaka 2017 kwamba anazijutia. Huenda habari hizo bado zimekwama Waiyaki Way.

Ombi langu ni hili. Nywila za mtaa mzima ziko kwenye kauntabuku ya mhudumu wa saiba, na nyingine ndani ya kompyuta iliyo karibu na mlango: fungua mipangilio, bonyeza kijicho, zinajianika moja baada ya nyingine. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka siri zitunzwe. Basi kauntabuku hiyo ihamishiwe Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue. Iwekwe ndani ya kioo, askari aifungue kila asubuhi kwa glavu nyeupe. Watoto wa shule wapange foleni waone jina la mwananchi, nywila iliyokatwa, ya pili iliyokatwa, ya tatu kwa wino mwekundu, na doa la chai juu ya PIN ya mtu. Mhudumu naye apewe sare, mshahara na cheo: Mhifadhi Mkuu wa Siri za Raia. Kazi hiyo anaifanya tayari, na kila tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za kodi, anaifanya hadi usiku wa manane.

Maana nani mwingine anatusaidia? Mama anatoka Kangemi na nauli ya kurudi tu, anailipa yote saiba atazame kiduara kikizunguka, kisha anarudi kwa miguu. Mnajua hayo. Mnajua, na hamjali!

Niwieni radhi, Mheshimiwa. Alama ya mshangao imeniponyoka, nimezoeshwa.

Pia, mkiboresha mfumo, msihamishe kitufe cha mipangilio. Na swali la jina la mnyama wetu wa kwanza liondolewe. Sisi tulifuga kuku, wakaliwa bila majina.

Nijibuni kwa karatasi. Barua pepe yangu imefungwa hadi nithibitishe kwamba mimi si roboti.

Wenu mtiifu,
Mtumiaji Asiyetambulika