Mdahalo Umekwisha, Zima Televisheni

Ukifuatilia mdahalo wa mchujo wa urais wa Marekani kutoka Dar es Salaam au Mombasa, utaamka saa kumi au kumi na moja alfajiri, maana kule ndiyo kwanza saa tatu usiku. Usingizi umeutoa wewe, kwa hiyo hukumu nayo iwe yako. Mgombea wa mwisho akinyamaza, zima televisheni. Ukichelewa dakika tano utakuta wachambuzi wameshamtangaza mshindi, nawe hata chai hujabandika.

Chukua karatasi. Andika kila swali, na mbele yake andika jibu. Makofi usiyaandike. Mwaka 2015 kule Cleveland, chama cha Republican kilikuwa na wagombea 17: kumi wakapanda jukwaa kuu, saba wakawekwa kwenye mdahalo wa mapema siku hiyohiyo. Watu kumi wakigawana saa mbili, mtu anaambulia dakika chache. Dakika hizo zinatosha kueleza jambo moja likaeleweka. Anayekumwagia kumi mkate alama.

Alama za ngumi za maneno usitoe kabisa. Februari 2016, New Hampshire, mgombea Chris Christie alimbana mwenzake Marco Rubio mpaka Rubio akawa anarudia sentensi ileile kuhusu Rais Obama kama kanda iliyokwama. Siku tatu baadaye, kwenye kura ya mchujo ya huko, Rubio alishika nafasi ya tano. Christie mwenyewe? Ya sita, na kesho yake akajitoa.

Ila chungulia kilichomo ndani ya ngumi. Mwaka 2020, Las Vegas, mgombea Elizabeth Warren alimtaka mpinzani wake Michael Bloomberg awafungue wanawake waliotia saini mikataba ya kutosema yaliyowapata katika kampuni yake. Bloomberg alikataa palepale jukwaani. Siku mbili baadaye akatangaza kwamba watatu wako huru kusema wakitaka. Hazikupita wiki tatu, wote wawili walikuwa wametoka kwenye kinyang'anyiro, lakini swali lile lilizaa kitu kwa watu wasiokuwa jukwaani. Mimi Warren ningempa alama zote.

Karatasi yako usiitupe, maana majibu huja kubadilika. Novemba 2011, Michigan, mgombea Rick Perry alisema atafuta wizara tatu za serikali, akataja mbili, ya tatu ikamtoka kichwani. Dunia ikamcheka. Kusahau si kosa, hata mama mwenye watoto wanne huwaita wote kabla hajampata anayemtaka. Cha kuandika kilikuwa hiki: kwa nini aifute? Wizara aliyoisahau ni ya Nishati, inayotunza silaha za nyuklia za Marekani. Januari 2017 Perry alikaa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti akiomba kuthibitishwa kuwa waziri wa wizara hiyohiyo, akasema anajutia kupendekeza ifutwe, kwa kuwa sasa ameelezwa kazi zake.